Tofali lililokauka bado halijakomaa

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi, simu yangu haitulii. Watu wa Newala, Tandahimba na Masasi wakilipwa, wengi hukimbilia ujenzi, na haraka yao ni moja: nyumba ifike lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, kabla mvua za Desemba hazijashika. Haraka hiyo naielewa. Kinachonichosha ni kauli ileile kila mwaka: "Fundi, tofali zimeshakauka, njoo uanze kupandisha." Ukiuliza zimefyatuliwa lini, unajibiwa juzi.

Mzee wangu, saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea ndani ya tofali kwa siku nyingi baada ya wewe kuosha koleo na kwenda kulala. Maji yakiisha, kazi inasimama hapohapo, hata kama kuna saruji ambayo haijaguswa. Kwa hiyo tofali lililoachwa juani siku tatu likawa jeupe limekauka kweli, na tatizo lenyewe ndilo hilo. Mfuko umeununua kwa bei kamili, halafu sehemu yake umeiacha imelala bure. Ukija kulimwagia wiki ya pili litarudisha nguvu kidogo, si yote.

Basi mwagilia. Kuanzia kesho yake baada ya kufyatua, asubuhi na jioni, siku 7 bila kuruka hata moja; kwenye kazi ninayoisimamia mimi, siku 14. Fyatulia chini ya mkorosho au mwembe, funika kwa nailoni au magunia yaliyolowa. Na watu wanaogopa jua tu, upepo wanausahau. Kusi ikivuma mwezi wa saba na wa nane, hewa ina ubaridi, mteja anajipa moyo kwamba tofali ziko salama, kumbe upepo unazinyonya mchana kutwa. Najua maji yanauzwa na boza halibembelezi mtu. Ila anayekataa kununua maji ya tofali ndiye huyohuyo atakayeniomba niongeze saruji kwenye mota, ule mchanganyiko wa kuunganishia tofali, "ili ukuta ushike".

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi vijana. Tofali linatakiwa likauke, ila baadaye. Likishanyweshwa vya kutosha, liache likauke polepole kivulini, ndipo ulijenge. Mimi huhesabu siku 28 tangu kufyatuliwa hadi kupanda ukutani, umri uleule ambao maabara huupima zege. Tofali la saruji husinyaa linapopoteza maji. Likisinyaa likiwa bado limepangwa uwanjani, hakuna aliyepata hasara. Likisinyaa likiwa limeshabanwa ukutani linajivuta, na ukuta unapasuka kufuata mota, ngazi kwa ngazi, mara nyingi ukianzia kona ya dirisha. Mwenye nyumba akiuona ufa huo anasema msingi umetitia. Pengine ni kweli, hasa penye mfinyanzi. Lakini nikisikia tofali zilijengwa zikiwa na siku nne, mimi sishiki sululu kufukua msingi kabla sijamaliza habari ya tofali.

Kwa sababu hiyohiyo, usililoweshe tofali la saruji siku ya kulijenga. Kama jua ni kali sana, linyunyizie tu kidogo. Tofali la kuchoma ndilo la kuchovya majini, kwa kuwa likiwa kavu linafyonza maji ya mota kabla haijashika. Wengi hufanya kinyume chake, na kwa kujiamini kabisa.

Ukinunua zilizokwisha kufyatuliwa, usiangalie rangi. Gonga mbili usikie kama zinalia, kisha kwaruza kona kwa msumari. Ikimomonyoka kama sembe, ondoka, hata wakikupunguzia bei.

"Ongeza saruji, fundi, ukuta uwe imara." Mota ya kujengea haitakiwi kulishinda tofali. Saruji moja kwa mchanga tano, au moja kwa sita, inatosha kwa nyumba ya kawaida. Ukifika moja kwa tatu, mota inasinyaa zaidi, na ukuta ukitikisika kidogo ufa unapita katikati ya tofali badala ya kufuata mota, na kuuziba huo ni shughuli. Ukitaka mota inayonata na isiyopasuka ovyo, tia chokaa: saruji 1, chokaa 1, mchanga 6.

Hapo ndipo naambiwa chokaa ni ya kupaka tu, haina nguvu. Na anayesema ni mtu wa Lindi! Kilwa Kisiwani iko mkoani kwake. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, Husuni Kubwa karne ya 14, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakati saruji tunayoijua leo ilipata hataza Uingereza mwaka 1824.

Mchanga wa ufukweni: hapana. Kupigwa na mvua msimu mmoja hakuusafishi. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu, plasta inatoa ungaunga mweupe na rangi inabanduka, na nondo za lenta zinaoza ndani kwa ndani. Lipia lori la mchanga wa mtoni.

Mota iliyoanza kuganda haifufuliwi kwa maji. Changanya kidogokidogo, umalize ndani ya saa mbili, na kwa joto la Mtwara mwezi wa kumi na moja uwahi zaidi.

La mwisho, lenta. Wapo wanaotaka iwekwe juu ya milango na madirisha tu, nondo zipungue. Lenta ndiyo inayozifunga kuta zote pamoja, kwa hiyo inazunguka nyumba nzima bila kukatika. Nondo zikifika kona zikunjwe ziingie ukuta wa pili na zipishane na za huko. Ukikuta zimekatwa sawasawa na kona, msimamishe fundi kabla zege halijamwagwa, hata kama mashine imeshawashwa na vibarua wamejipanga na makarai.