Melatonini si ya usingizi peke yake

Tumezoea kuambiwa kwamba melatonini ni homoni ya usingizi tu, inayotengenezwa ubongoni giza likiingia. Huo ni ukweli nusu. Aaron Lerner, aliyeitenga mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa daktari wa ngozi; alichokuwa akitafuta ni tiba ya magonjwa ya ngozi, wala si dawa ya usingizi. Seli za ngozi nazo hujitengenezea melatonini. Miale ya jua inapozalisha kemikali haribifu ndani ya seli, melatonini huzizima na kupunguza madhara kwenye DNA. (Isichanganywe na melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi.) Lakini kumeza vidonge vya melatonini hakukuepushi na kuungua: kivuli, nguo ndefu na losheni ya kukinga jua bado vinahitajika.