Mtoto asiyelia naye anaumwa

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwa watoto haingoji dakika za mwisho. Huanza ugonjwa mzito unapogundulika, hata kama mtoto bado anatibiwa ili apone. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi ziingize tiba shufaa katika mafunzo ya wahudumu wa afya. Lakini muuguzi wa Muheza, Tanga, akifundishwa kwa mifano ya wodi za London tu, atafaulu mtihani na kukwama kitandani kwa mgonjwa.

Chukua upimaji wa maumivu. Mtoto huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi iliyokunjamana, achague inayofanana na hali yake. Sasa mpe kijana aliyetoka jandoni, aliyefundwa kwamba mwanamume halii. Ana uvimbe wa Burkitt tayani, saratani inayojulikana sana Afrika Mashariki, na bado ataonyesha uso unaotabasamu. Ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi wa uuguzi wasiishie kwenye picha. Wamuulize mama au bibi anayemlea: usiku analala? Ameacha kucheza na wenzake? Anajikunja akiguswa? Mtoto aliyetulia kupita kiasi huenda anaumwa kuliko anayepiga kelele.

Halafu kuna hofu ya mofini, dawa ya maumivu makali. Wazazi wengi wanaamini ni dawa ya kumalizia mtu. Kubishana nao hakusaidii. Eleza kwamba dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwamba ile ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne bila kusubiri maumivu yarudi, na kwamba itampa nguvu ya kula na kucheza. Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa mofini tangu 2004, maana vijijini daktari ni wa kutafuta.

Swali la kombe (maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji na kunywewa) na miti shamba nalo huulizwa kwa heshima. Mama akikemewa mara moja tu, hatasema tena mtoto amekunywa nini, na dawa nyingine hugongana.

Kuhusu nani aambiwe habari nzito, muuguzi aulize kwanza nani husemea familia: pengine ni baba mkubwa, pengine shangazi. Ila wasinong'one mbele ya mtoto wakidhani haelewi. Anasikia.

Mzazi, mwanao akianzishiwa mofini, ulizia na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo. Huwa inasahaulika.