Konstrakta ya Java haiijui T yako

Juzi swali limekuja tena, karibu kwa maneno yale yale: "Nimeandika klasi Ghala<T>. Imekuwaje mtu ametia namba kwenye ghala la String? Si nilishamlazimisha?" Hukumlazimisha. Kompaila, inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, ilimwonya, naye hakusoma onyo.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba ukishatangaza kigezo cha aina (ile T) kwenye klasi, konstrakta, yaani sehemu inayounda kitu cha klasi hiyo, inakijua na itakilinda. Jeneriki, yaani klasi zenye vigezo kama T, zilipoingia na Java 5 mwaka 2004, msimbo wa zamani ulitakiwa uendelee kufanya kazi bila kuguswa. Kwa hiyo kompaila huikagua T, kisha huifuta. Programu inapoendeshwa, Ghala<String> na Ghala<Integer> ni klasi moja, na mahali pa T pamebaki Object, aina mama ya vitu vyote. Kwa sababu hiyo hiyo lugha bado inamruhusu mtu kuiacha aina kabisa:

Ghala g = new Ghala<String>();
g.weka(42);
Ghala<String> h = g;
String s = h.toa();

Haya yote yanapita kwa kompaila. Bila swichi ya -Xlint:unchecked, javac (kompaila yenyewe) inanong'ona tu kwamba faili lina operesheni zisizo salama. Kisha ClassCastException, kosa la aina zisizolingana, inalipuka mstari wa nne, ambao hauna kosa lolote; uchafu uliingia mstari wa pili. Kwenye mradi halisi mistari hiyo huwa katika mafaili tofauti, na anayeamshwa usiku si yule aliyeandika ule wa pili.

Ukitaka konstrakta iijue aina, idai kama hoja:

Ghala(Class<T> aina) {
    this.aina = Objects.requireNonNull(aina);
}
void weka(T kitu) {
    vitu.add(aina.cast(kitu));
}

Sasa 42 inakataliwa pale pale inapoingizwa, maana cast huhakiki aina. Lakini wengi huipokea Class<T>, wakaihifadhi, wasiitumie tena! Bila ile cast umeongeza pambo tu. (Null itapita hata hivyo, cast haiikatai.) Wala si ujanja wangu: EnumMap, ramani ya Java yenye funguo za enum, imekuwa ikidai Class ya funguo zake kwenye konstrakta tangu Java 5, na Collections.checkedList hufanya ukaguzi kama huu kwa orodha.

Mimi huenda hatua moja zaidi: konstrakta naifanya private, naacha mbinu tuli (static) moja, Ghala.ya(String.class), inayorudisha Ghala<String>. Hakuna tena wa nje anayeandika new Ghala() akasahau aina. Mkaidi bado anaweza kutangaza kigeugeu chake bila aina, ila ukaguzi wa ndani utamkamata. Mpaka wa ukaguzi huu ni kwamba List<String>.class haipo, utapata List.class tu, kwa hiyo ukaguzi unaishia kwenye orodha, hauingii ndani yake.

Wengine hujibu: "Basi niweke T extends Number, itatosha." Itatosha kuzuia String, kwa kuwa T sasa inafutwa hadi Number. Double kuingia kwenye Ghala<Integer> kwa njia ya aina iliyoachwa? Inaingia bila shida.

"Mabano matupu, new Ghala<>(), ni sawa na kuacha aina." Si sawa. Tangu Java 7, mwaka 2011, kompaila huikisia aina kutoka upande wa kushoto au kwenye hoja. Jihadhari na var iliyokuja na Java 10: var x = new ArrayList<>() inakupa ArrayList<Object>, maana hakuna pa kukisia.

"Konstrakta haiwezi kuwa na kigezo chake cha aina." Inaweza, hata kwenye klasi isiyo na jeneriki. Ni nadra kuihitaji, na ukikitaja wazi kigezo hicho huwezi kutumia <> pamoja nacho.

Halafu @SuppressWarnings("unchecked") iliyobandikwa juu ya klasi nzima. Hiyo sijui hata niiite dhana. Inafunika onyo, 42 iko palepale. Ikibidi, ibandike kwenye tangazo moja la kigeugeu, na uandike sababu kando yake. Kwingine kote, washa -Xlint:rawtypes na -Xlint:unchecked, kisha -Werror, inayogeuza onyo kuwa kosa. Timu italalamika wiki ya kwanza.