Burito ya maharagwe yenye mafuta kidogo, na dawa ya presha bado unameza: maswali na majibu

Kati ya vyakula vyote tunavyofundisha kwa kliniki yetu ya presha na sukari hapa Kisumu, hii burito ya maharagwe ndio watu wameshika. Ndengu walisema ni chakula ya shule, mboga za kuchemsha wakaniangalia tu, lakini burito wakaitisha mpaka vipimo. Hiyo imenifurahisha. Kenye hainifurahishi ni vile mtu anapika wiki kadhaa, anaanza kujiskia mwepesi, halafu anawacha dawa bila kuambia mtu, tunakuja kukutana amebebwa. Kwa hivyo hapa nimejibu ya jikoni na ya dawa pamoja, na kuna jibu moja nitarudia, mnivumilie.

Swali: Burito ni nini hasa?

Ni chakula ya Meksiko, upande wa kaskazini, Wamarekani nao wakaichukua wakaiongezea vitu. Ni chapati nyembamba ya ngano, wao wanaita tortilla, unaweka maharagwe ama nyama katikati, unakunja pande mbili kisha unaviringisha. Kwao maharagwe ya kuponda yalikuwa yanakaangwa na mafuta ya nguruwe, na ukienda Marekani wanamwaga jibini na krimu chachu juu, hapo ndipo mafuta inapojaa. Maharagwe yenyewe haina makosa: gramu 100 ya maharagwe iliyochemshwa ina mafuta chini ya gramu 1, protini karibu gramu 9, na nyuzinyuzi nyingi. Ukiona burito yako inateleza mkononi, hiyo mafuta uliweka wewe.

Swali: Nitumie maharagwe gani?

Yoyote ile yenye iko kwako. Nyayo inapondeka vizuri, ile ya manjano ni tamu zaidi na haisumbui tumbo sana, wairimu pia sawa, nunua gorogoro yako soko la Kibuye ama hapo kwa mama wa nafaka na uende. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga hayo maji, suuza, weka maji mapya. Kuloweka na kumwaga maji kunapunguza gesi, usiogope ati unamwaga nguvu ya maharagwe. Halafu ichemke kwelikweli mpaka iive laini, hasa hizi nyekundu, kwa sababu maharagwe mekundu yenye haijaiva ina sumu ya asili yenye inakutapisha na kukuharisha, na moto mdogo wa uvivu hauiui, lazima maji yatokote.

Na tafadhali, magadi wacha. Najua inaharakisha na makaa ni ghali, lakini magadi ni sodiamu, ni ile ile tunakuambia upunguze kwa chumvi. Mtu ananiambia sista mimi nimepunguza chumvi kabisa, nikimuuliza maharagwe alipika na nini, anacheka.

Swali: Mafuta kidogo ni kiasi gani?

Hii swali napenda kwa sababu kila mtu anadhani anaweka kidogo. Hebu jiangalie siku moja ukipika, unachukua jerikeni ya lita tatu unainamisha juu ya sufuria, na mkono hausimami mpaka uskie kitunguu imeanza kulia. Hakuna mtu anajua ni ngapi. Sasa chukua kijiko kikubwa cha mezani upime. Kijiko kimoja ni mafuta gramu 14 hivi na kalori kama 120. Chapati zetu za kawaida, ukipaka ndani ukikunja, ukapaka juu na chini ikiwa kwa moto, moja inamaliza kijiko kizima bila shida, hapo hata maharagwe hujakaanga.

Kwa burito nane mimi natumia vijiko viwili tu. Kimoja kwa unga, kimoja kwa kitunguu. Ukigawa inakuwa gramu 3 na nusu kwa kila burito. Sijasema usiweke kabisa, nimesema PIMA.

Swali: Haya, sasa inapikwaje?

Nusu kilo ya maharagwe ikishaiva, usimwage ile supu. Weka kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria, kitunguu mbili kubwa zilizokatwa ndogo, funika na moto wa chini mpaka zilegee na zianze kuwa kahawia, zikishika chini usikimbilie mafuta, mwagia supu ya maharagwe kidogo ukwangue na mwiko, hiyo kahawia yenye imeshika chini ndio utamu wenyewe. Kisha saumu nne tano zilizopondwa, jira kijiko kidogo (ile ya pilau), pilipili hoho, nyanya tatu, zikishavunjika ndio unamimina maharagwe. Ponda nusu na mwiko, nusu ziache nzima. Endelea kukoroga mpaka ukivuta mwiko uone chini ya sufuria na mchuzi usirudi haraka. Ikiwa majimaji chapati itararuka na utakula na kijiko.

Chapati sasa. Vikombe vitatu vya unga, nusu atta nusu nyeupe, kijiko kimoja cha mafuta, chumvi ya kubana na vidole, maji ya moto kiasi. Kanda, acha ipumzike nusu saa, usiikunje kama chapo ya kawaida, gawa nane usukume nyembamba mpaka karibu uone meza, na uchome kwa pan kavu. KAVU. Ikifura na kupata madoadoa toa, na papo hapo funika na kitambaa safi, moja juu ya nyingine, mvuke ndio unazilainisha. Wengi wanaacha wazi kwa sahani, inakauka kama kadi, halafu ikikataa kukunjika wanasema ni kwa sababu haina mafuta. Si mafuta, ni kitambaa.

Panga maharagwe katikati, kachumbari juu, na kama una sukuma ama managu ya jana weka pia. Kunja pande, viringisha, rudisha kwa pan kavu upande wa mshono chini dakika mbili.

Swali: Bila mafuta na chumvi si itakuwa chakula ya wagonjwa?

Weka ndimu. Weka dania nyingi, pilipili mbuzi kama unaweza, saumu usiionee huruma. Mahali Wamarekani wanaweka krimu, chukua mala, mimina kwa kitambaa safi uache ichuje saa moja ama mbili, inabaki nzito, changanya na ndimu na dania. Watoto wanagombania hiyo. Chumvi yote ya siku, kwa vyakula vyote, isifike kijiko kimoja kidogo cha chai, na zile unga za mchuzi za pakiti na vile vikyubu ni chumvi pia, hata kama picha iko na nyanya.

Avokado ni sawa, mafuta yake ni mazuri kwa moyo lakini bado ni mafuta, robo inatosha burito moja. Si nzima.

Swali: Lakini mafuta yangu imeandikwa haina kolesteroli, si naweza weka tu?

Mafuta yoyote ya mimea haina kolesteroli, hiyo si ajabu, wanaandika kwa sababu inauza. Inaweza kukosa kolesteroli na bado ikuongeze kilo. Ile ya kuganda ndio mbaya zaidi, ina mafuta yenye inapandisha kolesteroli yako ya damu hata kama yenyewe haina. Tumia ya maji, kidogo, na usirudie ya kukaangia chipsi mpaka iwe nyeusi.

Swali: Sista, nimeanza kula hivi na nimepunguza kilo. Naweza wacha dawa ya presha?

Hapana.

Swali: Hata kama najiskia poa?

Hapana. Presha haina dalili kwa watu wengi, ulijiskia poa pia siku ile tulikupata na 180, unakumbuka ulikuwa umekuja kwa sababu ya jino? Kujiskia poa si kipimo.

Swali: Na mashini ikisoma 122 kwa 78?

Hapana! Inasoma 122 kwa sababu unameza dawa. Hapa ndipo watu wanapotea kila wiki. Unaona namba nzuri unadhani umepona, unaweka dawa kwa droo, siku chache unaendelea kuwa sawa ndio unaamini zaidi, halafu inapanda polepole na hakuna mtu anapima, kwa sababu mtu mwenye amepona ataenda kliniki kufanya nini?

Niseme ukweli wote: chakula inasaidia, sikupikishi bure. Kwa wastani kila kilo moja unapunguza inaweza kushusha ile namba ya juu kama pointi moja, chumvi ukipunguza inashuka pia, na kuna watu tumewapunguzia dawa kabisa. Lakini TUMEWAPUNGUZIA. Daktari anapunguza, anakupima tena baada ya wiki chache, anaamua. Si wewe na jirani yako, na si yule mtu wa kuuza chupa za mizizi kwa stendi.

Swali: Si afadhali nimeze tu siku kichwa inauma?

Hapana tena. Dawa ya presha si ya maumivu. Inashikilia presha kila siku, na siku yenye umeruka haikushikilii. Kama inakuletea kikohozi kikavu, ama miguu inavimba, ama unakimbia choo usiku, kuja useme. Kuna nyingine tunaweza kubadilisha. Watu wanawacha kimyakimya kwa sababu ya kikohozi chenye tungemaliza kwa kubadilisha tembe moja, hiyo ndio inanikasirisha kuliko ile ya kusahau.

Swali: Mzee aliwacha dawa, leo asubuhi mdomo umeenda upande na mkono ni mzito. Tumpe tembe zake halafu tuone jioni?

Usisome hii tena, tafuta gari sasa hivi. Uso kulegea upande mmoja, mkono ama mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kuvurugika, hiyo ni kiharusi mpaka daktari aseme si kiharusi. Hakuna kuona jioni. Hakuna kungoja mtoto atoke Nairobi atume pesa. Maombi mwombee kwa gari mkienda. Usimpe tembe za presha nyingi mara moja ati mshushe haraka, usimpe aspirini kwa sababu hamjui kama ni damu imeganda ama mshipa umepasuka, hiyo inaonekana kwa picha ya kichwa pekee. Usimlishe wala kumnywesha, anaweza kupaliwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa zake, kama 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hivyo kumbukeni alionekana sawa mwisho saa ngapi, na apelekwe hospitali kubwa yenye mashini ya kupiga picha kichwa, si duka la dawa.

Watu wanakuja siku ya tatu. Ati walidhani ni baridi ya usiku imempiga.

Swali: Mimi niko na sukari, hii burito naweza kula?

Unaweza. Maharagwe inapandisha sukari polepole, shida ni chapati, kwa hivyo kula moja yenye maharagwe na mboga nyingi, si tatu nyembamba ati kwa sababu ni nyembamba. Na bila soda kando. Dawa ya sukari pia huwachi, lakini ukipunguza chakula sana tuambie mapema, haswa kama unadunga insulini, kwa sababu sukari inaweza kushuka ukatetemeka na kuanguka. Kama ushaambiwa figo zina shida, ongea na sisi kabla uanze maharagwe kila siku, madini yake ya potasiamu inaweza kuwa nyingi kwako.

Swali: Ikibaki?

Kisumu na hii joto, maharagwe haitalala kwa sufuria juu ya jiko. Ikipoa weka friji ndani ya saa mbili, na kama huna friji pika ya siku moja. Ikianza kutoa povu ama harufu chachu, mwaga, usiipashe ati moto utaua.

Swali: Siku ya kliniki si nikuje bila kumeza dawa ndio muone presha yangu ya ukweli?

Hapana jamani. Tunataka kuona kama dawa inafanya kazi, sasa tutaonaje na umeiacha nyumbani? Unakuja na 170, daktari anakuongezea ya pili, unaenda kumeza zote mbili, unazimia kwa matatu. Meza ya presha na maji asubuhi kama kawaida. Kama uliambiwa uje njaa kwa sababu ya kupimwa sukari, basi njoo njaa, ya sukari ubebe na burito yako ukule na umeze ukishatolewa damu. Na leta pakiti zote za dawa zenye unatumia, hata zile za mizizi zenye unaficha, nizione.