Mtoto akikosa, mzazi hufungwa?

Jumatatu moja asubuhi, mama mmoja muuza mitumba hapa Busia, Uganda, aliingia ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki. Mumewe alikuwa amelala selo tangu Jumamosi usiku. Hakuiba wala hakumpiga mtu. Mwana wao wa miaka 15 ndiye aliyechukua pikipiki ya baba jioni ile, akamgonga mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya kando ya barabara, akamvunja mguu, kisha akakimbilia kwa shangazi yake. Polisi walipomkosa mtoto, walimchukua baba, wakasema atatoka siku mwanawe atakapojileta. Walikuwa pia wamemwandalia karatasi ya kusaini, na ndiyo iliyokuwa ndani ya ile bahasha, pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto.

Nimekuwa wakili wa mashauri ya watoto kwa miaka mingi, na hili la mzazi kushikwa rehani limenichosha roho. Katika sheria ya Uganda, hatia ya jinai haihami kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Katiba inaruhusu mtu kukamatwa kwa kosa ambalo yeye mwenyewe anashukiwa kulitenda au kuwa karibu kulitenda, na hata hapo ni lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Hakuna kifungu kinachompa askari ruhusa ya kumfungia baba ili mwana atoke mafichoni. Afisa anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa yeye binafsi chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, na hilo nalitaja kila ninapofika kaunta ya kituo, kwa adabu lakini kwa sauti inayosikika.

Kuhusu mtoto mwenyewe, sheria inaanza na umri. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai kabisa. Kuanzia miaka 12 hadi kabla ya kutimiza 18 anawajibika, lakini kwa njia ya Sheria ya Watoto na mbele ya Mahakama ya Familia na Watoto, ambako hata maneno "kutiwa hatiani" na "adhabu" hayatumiki juu yake. Ndiyo maana ile kadi ya chanjo, iliyochakaa pembeni na kuungwa kwa gundi, ilikuwa na thamani kuliko karatasi nyingine zote alizobeba yule mama. Mtoto mrefu mwenye sauti nzito huandikwa miaka 18 bila hata kuulizwa, na kosa hilo la kalamu linaweza kumlaza pamoja na watu wazima, jambo ambalo Katiba yenyewe imelikataza. Wazazi, tunzeni kadi hizo.

Sasa mzazi ana nafasi gani? Ni kubwa, ila si ile ya mshtakiwa. Mtoto akikamatwa, mzazi anapaswa kujulishwa mapema iwezekanavyo, pamoja na katibu wa masuala ya watoto wa baraza la mtaa. Polisi wanapomhoji mtoto, mzazi anapaswa kuwepo, isipokuwa pale ambapo kuwepo kwake kunaweza kumdhuru mtoto. Asipopatikana, aingie afisa wa ustawi wa jamii. Mtoto asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 24. Akifikishwa mahakamani, anaweza kuachiliwa kwa dhamana ambayo wadhamini wanaotangulizwa ni wazazi, na dhamana hiyo ni ya maandishi, si ya fedha taslimu. Anayekudai shilingi ili mtoto wako apate dhamana anakudai kitu ambacho sheria haikukitaja.

Makosa madogo kama wizi, kuharibu mali au kupigana yanaweza kuishia kwenye mahakama ya LC ya kijiji, yaani ya baraza la mtaa, yenye uwezo wa kupatanisha, kuamuru fidia, kurudisha mali, kuomba radhi au kutoa onyo. Mahakama hiyo haina mamlaka ya kumweka mtoto rumande.

Fidia ndiyo inayowachanganya wengi. Mahakama ya Familia na Watoto ikiamuru fidia au faini, inapaswa kutazama uwezo wa mtoto mwenyewe, na haiwezi kumfungia kwa kushindwa kulipa faini. Katika shauri la madai nako, mzazi halipi kwa sababu tu ni mzazi. Hulipa ikithibitika kwamba yeye mwenyewe alizembea, au alimtuma mtoto, au mtoto alikuwa akifanya kazi ya mzazi huyo. Na mzazi anayemtuma mtoto kuiba ni mkosaji kamili katika jinai, hata kama mtoto huyo ana miaka tisa na hawezi kuguswa.

Nilipofika hapo katika maelezo, mama aliinamisha kichwa. Nikamuuliza funguo za pikipiki hukaa wapi. Akajibu kwa sauti ya chini: kwenye msumari nyuma ya mlango, na kwamba mtoto hubeba abiria siku za mwisho wa wiki, baba akijua, maana ndiyo inayopata karo. Basi baba naye alikuwa na lake. Kumruhusu mtu asiye na leseni kuendesha chombo chako ni kosa la mwenye chombo chini ya sheria ya usalama barabarani, na kuacha funguo hivyo kwa kijana unayejua ataendesha kunaweza kuitwa uzembe mbele ya hakimu wa madai. Ilikuwa lazima nimwambie, ingawa nilimwonea huruma. Majalada yalikuwa matatu: la mtoto, la baba kwa kosa lake mwenyewe, na la madai ya muuza nyanya, ambaye alikuwa wodini na mguu umefungwa plasta na hakuwa na mtu wa kumpigania.

Baba aliachiliwa jioni ile kwa dhamana ya polisi kwa kosa lake la leseni. Kesho yake walimleta mtoto pamoja, na baba akakaa kando yake wakati wa mahojiano. Baada ya wiki chache familia mbili zilikutana, na baba akakubali kulipia hospitali na siku ambazo yule mwanamke hakuuza, kwa mafungu. Makubaliano hayo aliyasaini kwa jina lake, kwa uzembe wake. Ile karatasi ya kituoni, iliyoanza kwa maneno "nakubali kosa la mwanangu", tuliirudisha bila saini.