Nusu-vipitishi vya nano vinavyotenganisha maji kwa mwanga wa jua

Nusu-kipitishi ni kitu ambacho uwezo wake wa kupitisha umeme uko kati ya ule wa metali na ule wa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Kikiundwa kwa vijiti, mirija au chembe zenye upana wa nanomita chache hadi mamia kadhaa, kisha kikazamishwa majini na kuangaziwa jua, kinaweza kuyatenganisha maji yawe haidrojeni na oksijeni. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita.

Mwanga unapofyonzwa, elektroni hupanda ngazi ya nishati na kuacha nafasi yenye chaji chanya, iitwayo tundu. Tundu likifika kwenye uso hunyang'anya maji elektroni, na oksijeni hutoka. Elektroni iliyopanda huenda kuzalisha haidrojeni. Kazi hiyo hudai angalau volti 1.23, na kwa vitendo hudai zaidi. Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha mwaka 1972 jaribio la aina hii lililotumia dioksidi ya titani, ambayo kwa bahati mbaya hufyonza urujuanimno tu, mwanga usioonekana kwa macho ulio takriban asilimia 5 ya nishati ya jua.

Hematiti, oksidi ya chuma iliyo ndugu wa kutu, hufyonza hata mwanga unaoonekana, tena ni rahisi kupatikana. Tatizo lake ni kwamba mwanga huhitaji unene wa mamia ya nanomita ili ufyonzwe vya kutosha, ilhali tundu husafiri nanomita chache tu kabla ya kukutana tena na elektroni na kupotea kama joto, hivyo katika utando bapa matundu mengi hufia ndani. Vijiti vyembamba vilivyosimama wima huondoa mvutano huo kati ya unene na umbali, kwa kuwa mwanga hupita kwa urefu wa kijiti, nalo tundu hutoka kwa ubavuni, ambako maji yako karibu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo maana hasa ya kutumia nano hapa, kuliko ule ukubwa wa eneo la uso unaotajwa mara nyingi kuwa sababu. Uso mkubwa wenyewe una gharama, maana kasoro zake hunasa chaji na kuziunganisha upya, na baadhi ya nusu-vipitishi huliwa na maji upesi zaidi. Ndiyo sababu vijiti mara nyingi hupakwa utando mwembamba wa kinga au wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko.