Je, wajua kwa nini "he hid me the truth" haimaanishi "alinificha ukweli"?

Anayefikiri kwa Kiswahili akitaka kusema kwamba rafiki yake alimficha ukweli, ulimi humpeleka moja kwa moja kwenye "he hid me the truth". Kwa hesabu ya Kiswahili, kila neno limekaa mahali pake. Mwingereza akisikia sentensi hiyo hukwama. Kwake, "he hid me" maana yake aliyefichwa ni mimi mwenyewe, mwili mzima, labda nyuma ya pazia au chini ya kitanda. Baada ya hapo "the truth" hukosa pa kushika.

Chanzo ni tabia ya kitenzi chetu. "Ficha" hubeba yambwa mbili bila kulalamika: kitu kinachofichwa na mtu anayenyimwa kitu hicho. Katika "alinificha ukweli", ile "ni" ndiyo mtu aliyenyimwa. "Hide" hubeba yambwa moja tu, nayo ni kile kilichofichwa. Aliyenyimwa husogezwa mwishoni na kushikwa na kihusishi "from": "he hid the truth from me". Vitenzi vingine vya ukoo huu hufuata njia hiyohiyo: "conceal it from me", "keep it from me", "withhold it from me". Ukiweka "for" mahali pa "from", sentensi haiharibiki, ila maana hugeuka. "She hid the money for me" ni alinifichia fedha, yaani alinisaidia kuzihifadhi. "She hid the money from me" ni alinificha fedha nisizione. Tofauti ambayo sisi tunaiweka kati ya "ficha" na "fichia", Kiingereza huiweka kwenye kihusishi.

Upande wa "jificha" mambo hugeuka. Sisi lazima tutie "ji", lakini "hide" hujitosheleza: "he hid behind the door" ni alijificha nyuma ya mlango. "He hid himself" si kosa, ila huwa na mkazo zaidi. "Conceal" ndilo lisilosamehe. Ukiandika "he concealed behind the door", msomaji anabaki akingoja kuambiwa alificha nini. Sharti useme "he concealed himself".

Maneno haya mawili hayalingani uzito, na historia inaeleza kwa nini. "Hide" ni neno la Kiingereza cha kale, la nyumbani. "Conceal" linatokana na Kilatini "celare", kuficha, na lilifika kupitia Kifaransa, lugha iliyotawala mahakama na ikulu za Uingereza kwa muda mrefu baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Hadi leo "conceal" hunukia sheria na ripoti rasmi. Silaha iliyofichwa mwilini ni "concealed weapon". Mtoto aliyeficha peremende "hid the sweets". Ukisema "concealed the sweets", unamfanya mshtakiwa. Kuna pia ndoa za maneno ambazo hazivunjiki: "hidden costs" kwa gharama zilizojificha, "hidden talent" kwa kipaji kisichojulikana, "hidden agenda" kwa nia iliyofichwa. Hizi hazitaki "concealed". Na ukiunda umbo la tatu la "hide", andika "hidden": "I have hidden it". "Hid" ni la wakati uliopita pekee, na "hided" kwa maana ya kuficha halipo.

Wakati mwingine kitu hakiondolewi machoni, bali hubadilishwa sura. Hapo "hide" halitoshi. Mtu aliyevaa mavazi ya daktari ili asitambulike ni "disguised as a doctor". Kihusishi ni "as", si "like". Askari aliyejipaka matope afanane na kichaka ametumia "camouflage", neno la Kifaransa lililoenea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya jeshi la Ufaransa kuunda kikosi maalumu cha kazi hiyo mwaka 1915. Tofauti yao ni hii: kwa "disguise" unaonekana, lakini kama mtu mwingine, kwa "camouflage" unayeyuka ndani ya mandhari. "Mask", likiwa kitenzi, hufaa zaidi kwa harufu, ladha na dalili. Dawa ya maumivu inaweza "mask the symptoms": ugonjwa upo palepale, ila mgonjwa hausikii.

"Cover" na "cover up" huwachanganya wengi. Sufuria unai-"cover". Kosa unali-"cover up", na kitendo chenyewe huitwa "cover-up". Mfano mkubwa ni Watergate. Watu walikamatwa Juni 1972 kwa kuvunja ofisi za chama cha Democratic jijini Washington, lakini kilichomwangusha Rais Richard Nixon hadi akajiuzulu Agosti 1974 ni juhudi za kulifunika jambo hilo. Kuvunja ofisi ni uhalifu mmoja, "cover-up" ni mwingine.

Mitego mikali zaidi iko kwenye maneno yenye sura mbili. "Secrete" ni kuficha mahali pa siri, lakini pia ni kutoa majimaji mwilini, kama tezi zinavyotoa mate. Neno moja huingiza kitu gizani na kukitoa nje. Muktadha ndio mwamuzi. "Screen" nalo ni kukinga kisionekane, na pia ni kuonyesha filamu. "Hiding" usiliamini upesi. "He is in hiding" ni yuko mafichoni, lakini "he got a good hiding" ni alipata kipigo cha haja. Hilo la pili linatokana na "hide" nyingine, yenye maana ya ngozi ya mnyama, ambayo leo ni neno tofauti na lile la kuficha. "Bury" hubeba "zika" na "fukia" kwa pamoja, na hutamkwa "beri", si "buri".

Picha ya kufunika imezama hata kwenye maneno ya kufichua. "Discover" ni kuondoa kifuniko, na "reveal" ni kuvuta shela, kutoka Kilatini "velum". Hata mkaratusi umo: "eucalyptus" limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "uliofunikwa vizuri", kwa sababu ua lake huanza likiwa limefungwa chini ya kikofia kidogo kinachodondoka linapochanua.

Lipo neno moja ambalo Kiingereza hakina la kulilipa, nalo ni "sitiri". Kumsitiri mtu ni kumfunika ili heshima yake isianguke, na hakuna hila ndani yake. "Hide" humfanya asitiriwaye aonekane mkosaji, na "cover up" humfanya anayesitiri aonekane mshirika wa uovu. Anayetafsiri hulazimika kutumia maneno kadhaa, kama vile "spare him the shame" au "protect her dignity", na bado sehemu ya maana hubaki upande wa Kiswahili.